Mlango Usiopenda Sugu

Tangu milango yote ya mji ianze kufunguliwa kwa ngozi ya kiganja, Mkamburi amekuwa akikwama nje ya nyumba yake mwenyewe. Ameponda kokoto miaka ishirini, na sugu zake hazipitishi umeme.

Mumewe, Mwadime, alimpigia hesabu pale barazani. "Mlango unatoa volti kumi na mbili. Mkononi mwako unapita mkondo wa sehemu arobaini tu za milioni ya ampea. Ukigawanya, ukinzani wako ni ohmu laki tatu, na sheria inataka usizidi laki moja. Ukizidisha, nguvu yenyewe haifiki hata nusu ya elfu moja ya wati. Mlango hauhisi mtu, mama Wakesho."

"Kokoto za ukuta huu niliziponda mimi," alisema Mkamburi. "Nifungulie wewe."

"Kumfungulia mwingine ni kosa, unajua. Sugua hizo sugu kwa jiwe, zitaisha."

Mkamburi alivitazama viganja laini vya mumewe, viganja vya karani, akaokota jiwe. Jioni ile alisugua hadi ngozi ikawa nyekundu.

Kesho yake nyundo ilimchubua kabla ya saa nne asubuhi. Hakuacha kuponda, maana hasira ilikataa kupoa. Aliporudi nyumbani, damu ikimchuruzika hadi kiwikoni, aliupiga mlango kwa kiganja kama anayempiga mtu kofi.

Mlango ulifunguka papo hapo, na sauti tamu ikamkaribisha kwa jina.

"Umeona?" alisema Mwadime kutoka ndani, akifurahi. "Leo hata haukusita."