Glasi ya Tatu

Askari alikiweka kilemba cha buluu miguuni pa Attaher. Mzee alilitambua fundo. Ndiye aliyewafunga vilemba wageni wote wa Agadez, mji wa jangwani, huku akiwausia: salimia kwanza, usipige picha bila ruhusa, na kuondoka kabla ya glasi ya tatu ya chai ni kututukana.

"Mgeni wako tulimngoja, mzee, msafara wenye ulinzi ukaondoka," askari alisema. "Akatufuata peke yake, majambazi wakamvamia njiani. Tumemzika asubuhi."

Attaher alikipapasa kitambaa, kigumu kwa damu.

"Alishasimama aende," akasema. "Nikamwambia, keti bwana, haraka ya nini?"

Mkewe, asiyejua lolote, akatoka na sinia la chai.

"Keti, mwanangu," akamwambia askari. "Hapa hutoki mpaka ya tatu."