Bangili ya Ambilikile

Miaka ile kila mtu mzima wa Tukuyu alivaa bangili ya kuzuia ukatili, na alichagua mwenyewe avae ya serikali au ya kampuni. Ya serikali iliutia ganzi mkono uliotaka kupiga. Ya kampuni ilituliza hasira yenyewe kabla haijafika mkononi.

Atuganile na mumewe, Ambilikile, walivaa ya serikali kwa miaka minane. Mara nyingi Atuganile alimwona amesimama mbele yake, macho mekundu, mkono ukining'inia kama nguo mbichi kambani. Atuganile aliogopa, lakini alijua yuko na nani. Kisha mume akahamia ya kampuni, na utulivu ukaingia nyumbani kama ukungu wa asubuhi. Akawa anamenya ndizi huku anaimba, anatabasamu hata usingizini.

Jumapili moja Atuganile alivunja kwa makusudi bakuli la marehemu mama mkwe wake. Ambilikile akainama, akaokota vigae polepole.

"Hujakasirika, baba Lusajo?"

"Sijui. Najiona kama mtu aliyeamka sasa hivi."

"Na ungekuwa huna hiyo bangili?"

Akafikiri kidogo. "Ningekuvunja mkono," akasema kwa upole, kama anayesema mvua itanyesha. "Chai yako imepoa. Nikuongezee ya moto?"

Atuganile alitaka kumpa kikombe, lakini mkono wake wa kulia haukuinuka. Ulilala mapajani, mzito, umekufa ganzi hadi begani, na ndipo alipojua alichotaka kumfanyia mumewe.