Masikio ya Somoe

Sogeeni, umbea wenyewe ni wa kina Nguchiro. Mkubwa wao alikuwa fundi wa kuvunja mayai kwa kuyarusha kinyumenyume kwenye jiwe. Mwingine akijaribu akakosea, alimng'ata sikio, basi wote wakabaki kumtazama tu. Siku mguu wake ulipovimba, mayai yakalala pale, watoto wakalia njaa.

"Rusheni basi!" akafoka. Hakuna aliyethubutu.

Somoe, shemeji yake mwenye mdomo, akachukua yai. Likatua mchangani. Wenzake wakacheka, kisha nao wakasogea kujaribu.

"Somoe! Lete sikio!"

"Subiri, shemeji, watoto wale kwanza." Akarusha la pili, likapasuka pwaa! "Masikio ninayo mawili, na mayai bado mengi."