Karibu ya Mama

Tangu mgodi wa bati ufungwe, Kambi ya Juu mlimani haikuwa na mtu, ila milango yake ilikuwa bado ikizungumza. Kila mlango ulihifadhi karibu ya mwisho iliyotamkwa ndani, ukamjibu nayo kila aliyepiga hodi. Ndiyo maana Nanzia alipanda huko kila mwaka kumsikia marehemu mama yake: "Karibu mwanangu, futa miguu."

Safari hii alikuja na mumewe, Senkondo. Nanzia alitangulia kupiga hodi kwenye nyumba ya mama, akajibiwa, akafuta miguu, akaingia kufagia. Senkondo akafika nyuma akihema.

"Hodi, mwenye nyumba!" akatania.

"Karibu, baba!" Nanzia akaitikia toka ndani kabla mlango haujajibu, kwa mazoea tu.

Ufagio ukamtoka mkononi.

"Piga tena," akanong'ona.

"Hodi," Senkondo akasema polepole.

"Karibu, baba!" ukajibu mlango, kwa sauti ya Nanzia, kwa furaha.