Pumba za Bishundev Rai

"Fungua mlango huo, mwizi wewe, kabla sijauvunja!"

Tetri aliitambua sauti kabla hajafika mlangoni. Alikuwa Bishundev Rai, mzee mwenye kinu cha mpunga, na nyuma yake walisimama wanaume kama ishirini na fimbo zao. Alifungua. Ndani, mashine yake iliendelea kunguruma.

Mashine hiyo ilichoma pumba za mpunga ndani ya pipa la chuma mpaka zikatoa gesi, na gesi ikazungusha jenereta. Umeme wake uliwasha kila nyumba ya mtaa wa chini, kwa watu wa Tetri, ambako nguzo za serikali hazikuwahi kufika. Mkaa uliobaki waliuchanganya na mchanga wa vishamba vyao kando ya mto Kosi. Mwaka wa pili tu bamia zikastawi, wakaacha kwenda kulima mashamba ya kina Rai kwa ujira wa unga. Hapo ndipo chuki ilipoanza. Ukoo mzima wa Rai ukakubaliana kwamba hata konzi moja ya pumba isitoke kinuni kwa Bishundev kwenda kwa Tetri.

Lakini mashine haikuzimika. Kwa wiki tatu, kila alfajiri, Tetri alikuta magunia ya pumba yameegemezwa ukutani. Hakujua nani anayaleta, wala hakutaka kuchunguza.

"Magunia yangu yako wapi?" Bishundev alifoka. "Wiki tatu sasa yanatoweka!"

"Sijaiba kitu, Bwana Rai. Naletewa."

"Na nani? Na majini?"

Wanaume wakaangua kicheko. Ugranath, mdogo wake Bishundev na mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amekwisha kupenya ndani. Akaburuta gunia moja hadi juani. Ubavuni lilikuwa na alama ya kinu, samaki wawili wekundu. Tetri mwenyewe alishtuka. Alama ile hakuwahi kuiona kwenye magunia aliyoletewa, na ya alfajiri hiyo aliyaingiza ndani gizani.

"Kaka, tunangoja nini?" Ugranath alisema, akinyanyua nyundo. "Tulivunjevunje dude hili sasa hivi!"

"Usiliguse!" Bishundev alimzuia. "Ukilivunja watakimbilia polisi, tugeuke sisi wahalifu. Leo mwizi ni huyu. Mwache abaki mwizi."

Ugranath aliishusha nyundo shingo upande, akamgeukia Tetri.

"Juzijuzi tu mlikuwa mkituona mnainamisha vichwa. Siku hizi mmepata bamia za kuuza mjini, mnatukodolea macho! Sasa sikiliza. Huyo anayekubebea, nikimkamata nitamvunja miguu yote miwili. Awe mtu wenu, awe nani."

Hasira ikamtangulia Tetri.

"Hata simjui. Ila ana utu kuliko ninyi nyote mliosimama hapa."

Bishundev alimsogelea polepole, akamtemea mate miguuni.

"Hana haya huyu," aliwaambia wenzake. "Bebeni magunia yote. Msimwachie hata punje."

Wakayabeba. Walipita kwa makusudi juu ya tuta la mkaa aliouanika uani, wakausambaza kwa viatu. Tetri aliketi kizingitini. Pumba zilizobaki kwenye pipa zisingefika jioni, na mtaa mzima ungerudi kwenye vibatari. Aliyakaza macho, asilie mbele yao.

Msafara ukashika njia ya kinuni, Ugranath mbele akipunga nyundo yake. Bishundev alibaki nyuma, akainama kufunga kamba ya kiatu. Akangoja wa mwisho wao akunje kona.

"Nisamehe, binti yangu," alinong'ona bila kuinua uso. "Leo alfajiri niliharakisha, nikachukua magunia yenye alama. Kesho nitakumwagia pumba chini, bila magunia, nyuma ya ukuta."