Mbuzi wa Ntheo

Beberu alianza kucheua, na Wambua akafumba macho.

Beberu huyo na mbuzi jike wawili walikuwa wamefungwa uani kwa Mzee Ngui, pale Mitaboni, wamenenepa, wanang'aa, kila apitaye akiwasifu. Wambua alikuwa amekuja kutoa ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba anaweza kuishi na mke hadi wapate wajukuu na bado aambiwe hajaoa. Beberu huchinjwa siku hiyo hiyo, wenyeji na wageni wakamla pamoja. Hapo ndipo Wambua alipokuwa akitokwa jasho.

Kazi yake ilikuwa kulinda shamba la nyasi huko Katelembo, na nyasi zenyewe hazikuwa za malisho. Zamani palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kilipofungwa, kiliacha udongo umejaa madini ya risasi, sumu tupu. Ndipo mtaalamu mmoja, Tracy, akaja akapanda nyasi zinazomzidi mtu kimo, ziinyonye ile sumu polepole kutoka ardhini, kisha zikatwe zikachomwe kwenye tanuri za kiwanda kingine badala ya kuni.

"Hii nyasi ni ya moto, si ya mdomo," Tracy alimwambia kila walipoonana.

Na Wambua, kwa akili zake timamu, akaenda kuwafunga mbuzi wa ntheo karibu na uzio wa shamba hilo hilo, ili awachunge na kazi aifanye. Alitoka kidogo kununua mandazi. Aliporudi, kamba ilikuwa imetafunwa na mbuzi wote watatu wamo ndani, wanakula kama watu wa harusi.

Tracy alishika kichwa. "Hao wasichinjwe mpaka wapimwe!"

Lakini sherehe ilikuwa ya kesho yake, na mbuzi wengine angewatoa wapi? Kwenda kwa wakwe mikono mitupu hakuthubutu. Bonface, dereva wa lori wa Syokimau, alikuwa ameshaanza kumpigia honi Mbinya, binti wa Mzee Ngui aliyekuwa mchumba wa Wambua, kila akipita njia ile. Basi Wambua akaja na mbuzi wake na mpango mmoja: wapokewe, wasifiwe, lakini wasichinjwe.

"Mzee," alianza, "huyu beberu naonelea tumwache akae kidogo. Nimemzoea sana."

"Utazoea mwingine," alisema Mzee Ngui, akinoa kisu.

"Na pia niko na kiapo. Mimi sikulangi nyama Jumamosi."

Mjomba wake Ndunda, aliyekuja kuwa msemaji wake na ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana kwa kujiandaa, alimkanyaga mguu.

Mama Nzembi, mke wa Mzee Ngui, akaja na chupa ya chai. Ilikuwa chai nzito ya maziwa, yenye utando juu. Wambua alimshukuru Mungu kwa moyo wote. Hapa angalau palikuwa na kitu safi, na akishajaza tumbo chai, nani atamlazimisha nyama? Akabugia kikombe cha kwanza bila kupumua.

"Na wewe mzee, hunywi?" aliuliza Ndunda.

"Daktari alinikataza," alisema Mzee Ngui bila kuondoa macho kwenye kisu.

"Sisi tulikunywa mapema," aliongeza Mama Nzembi haraka.

Mbinya alikuwa amekaa mkabala, amemkazia Wambua macho, akitikisa kichwa taratibu huku machozi yakimlengalenga. Wambua aliguswa. Hakujua kama anapendwa kiasi hicho.

"Kunywa polepole," Mbinya alimnong'oneza. "Si lazima umalize."

Alimaliza. Akaomba kingine, apate kumfurahisha mama mkwe. Mama Nzembi akammiminia nusu, na mara ya tatu akamtilia tone tu, hata Wambua akaona kwamba mama huyu ni mchoyo kidogo, lakini akamsamehe.

Mzee Ngui akasimama na kisu. Beberu akafunguliwa.

Wambua aliruka kitini, akaenda akamkumbatia yule beberu shingoni.

"Asichinjwe! Mzee, nitasema ukweli. Hawa mbuzi wamekula ile nyasi ya sumu kwa kazi yangu. Nimewaleta kwa sababu niliona aibu kuja bila kitu. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini hiyo nyama msikule!"

Ndunda aliketi chini, akainamisha kichwa, akaiaga nyama yake. Wambua naye, akilini mwake, alimwona Mbinya ameshapanda lori la Bonface, ameweka kiwiko dirishani, haangalii nyuma. Iliuma.

Mzee Ngui aliweka kisu chini.

"Hiyo nyasi," alisema, "ni ile ndefu ya Katelembo?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Mzee akamtazama mkewe. Mama Nzembi akaitazama chupa ya chai. Kisha uso wa mzee ukakunjuka, akaja akamshika Wambua bega, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Vai thina, kijana yangu. Hakuna shida kabisa, na umenitoa mzigo. Iko mtu wa pikapu alikuwa anatuletea hiyo nyasi, ng'ombe yetu imeikula mwezi mzima, na daktari wa mifugo ametukataza hata kuonja hiyo maziwa. Lakini sasa mkwe anakuja na ntheo, kweli utampatia chai ya rangi?"