Chini ya Kibanio

"Gizani picha ya kamera hii haina chenga hata kidogo, bosi," mwenzake Maureen alisema, macho kwenye skrini. "Lakini nayo inapausha nyekundu kama zile nyingine. Niifelishe?"

"Ngoja kwanza." Kadi ya rangi wanayopimia kila kamera ilikuwa imekaa upande. Maureen akafungua kibanio kilichoishikilia ainyooshe.

Chini ya kibanio palikuwa na nyekundu ya upana wa kidole gumba, imeiva kama nyanya. Nyekundu iliyobaki kwenye kadi ilikuwa imepaushwa na taa za maabara kwa miaka minne.

Kamera zilikuwa zikisema kweli. Aina tatu kati ya walizozifelisha zilishaondolewa madukani.

"Umelala, bosi? Niifelishe?"

Maureen akarudisha kibanio palepale, akakikandamiza taratibu.

"Ifelishe."